Huyu binti mweusi kwenye mchoro wa Uingereza ni mtumishi au mtoto wa nyumba?

Fundi_Mikindani
Habarini wadau. Mi fundi cherehani hapa Mikindani, mteja kanitumia picha wasap anataka gauni kama hilo, mchoro wa zamani wa mabinti wawili, mzungu kashika kitabu, mweusi kabeba matunda, sasa nimekitazama kitambaa cha yule mweusi naona satini kabisa inamwagika, lulu shingoni, kilemba kina unyoya. Mtumishi gani anavalishwa hivyo? Naomba mnieleweshe.

Mwl_Lindi
Dada, huyo ni Dido Elizabeth Belle, kazaliwa 1761. Mama yake Maria Belle alikuwa mtumwa, Mwafrika, baba ni John Lindsay, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Baba akampeleka kwa mjomba wake, Lord Mansfield, jaji mkuu kabisa, akakulia kwenye jumba lake la Kenwood kule Hampstead, London pamoja na huyo mwenye kitabu, Elizabeth Murray, nae ni ndugu, mama yake alishafariki. Mchoraji David Martin, kama 1779 hivi. Umeona vizuri sana, maana watu miaka na miaka walikuwa wanamwita kijakazi tu.

BintiKivinje
Mtoto wa nyumba ndio, ila alipimiwa. Wageni wakija hakai nao mezani, anaingia baadae kwenye kahawa na wanawake. Posho yake pauni 30 na kidogo kwa mwaka, mwenzie 100. Na kazi anafanya, kuku na maziwa vyote vyake, barua za jaji anaziandika yeye. Jaji huyohuyo 1772 ndo aliamua kesi ya James Somerset, kwamba bwana hana ruhusa kumtoa mtumwa Uingereza kwa nguvu, halafu kwenye wosia wake bado ikabidi aandike kwamba Dido ni huru, mtoto aliyemlea mwenyewe! Mi nimekulia Kivinje ambako misafara ya watumwa ilikuwa inashuka kutoka Nyasa, hilo neno "huru" kwenye karatasi limeniuma kweli.

Fundi_Mikindani
Jamani. Na mama yake je? Na huyu binti, aliolewa?

Mwl_Lindi
Maria alipata kiwanja kutoka kwa Lindsay kule Pensacola, Florida. Dido kaolewa 1793 na John Davinier, wakapata watoto watatu wa kiume, kafariki 1804.

Fundi_Mikindani
Asanteni sana. Kesho mteja anakuja kupimwa, kabla sijakata kitambaa namtajia jina la mwenye gauni, na la mama yake.