Tupeane uzoefu: kiongozi wa dini akiibeba huduma ya afya, waumini wanaitikiaje?

Muuguzi wa Ziwa
Habari zenu ndugu. Tangazo la zahanati likisomwa tu na katibu, watu wanaaga na kwenda zao. Mchungaji akikunja shati akapimwa presha mbele ya waumini, foleni inafika nje. Huku Mwanza kulifanyika utafiti kwenye vijiji 16, ukachapishwa na The Lancet 2017. Kote huduma ya tohara ilifika, ila nusu ya vijiji viongozi wa makanisa walifundishwa kwanza, upande wa tiba na upande wa Maandiko. Kwao walitahiriwa asilimia 52.8 ya wanaume, kwingine 29.5. Nyie mmeona nini?

Binti Tanga
Baba ana sukari, na Ramadhani alikuwa anafunga huku anaruka sindano. Daktari alisema, sisi watoto tukalia, wapi! Hadi imamu wetu, baada ya tarawehe, alipoeleza aya ya Al-Baqara inayomruhusu mgonjwa kula, na fidya ya kulisha maskini kwa kila siku, akasema ruhusa hiyo ni rehema ya Mwenyezi Mungu na kuikataa si uchamungu. Asubuhi Baba akaulizia uji. Kibaba cha mchele cha fidya alipima mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Namwombea imamu yule kila siku.

Mdogo wa Marehemu
Nguvu hiyo inaua pia. Dada yangu aliambiwa kwenye maombezi kwamba amepona, aache ARV. Aliamini kwa sababu aliyesema alikuwa madhabahuni. Tulimzika. Naomba kila kiongozi aseme wazi: omba, na dawa meza.

Binti Tanga
Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu.

Mzee wa Kanisa
Poleni wafiwa. Kwetu upimaji ulishamiri, kisha mchungaji akahamishwa. Aliyekuja hakuupinga, ila hautaji kabisa. Mashine ya presha imefungiwa kabatini ofisini.

Muuguzi wa Ziwa
Pole sana mdogo wangu. Mzee, shikamoo. Wakabidhini umoja wa wanawake hiyo mashine, wao hawahamishwi. Mchungaji mpya mwombeni jambo moja tu: apimwe wa kwanza, Jumapili ya sadaka ya mavuno, kanisa likiwa limejaa. Na betri mbadilishe kabla.