Spitz wa wiki 8 ghorofani: pedi, gazeti au trei ya nyasi?

BintiTudor
Hamjambo wanajamvi. Nina mtoto wa mbwa, spitz jike wa wiki 8. Naishi Tudor, ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na uwanja wa chini ni wa wapangaji wote. Usiku hupita humo mbwa wasio na wenyewe. Daktari amemdunga chanjo ya kwanza na akanikataza kumshusha mpaka zote ziishe, kwa hivyo haja zote zitakuwa za ndani. Ninapima pedi za kutupa, magazeti, trei ya nyasi kwenye roshani, na kizimba cha kulalia. Mliolea mbwa wadogo kwenye nyumba za kupanga hapa Mombasa, ipi imewafaa? Sakafu ni vigae, sebuleni kuna mkeka na zulia dogo. Mchana anabaki na shangazi yangu, ambaye magoti yanamsumbua.

NyaliManyoya
Hongera dada. Mimi nina Maltese na pedi ndiyo iliyotuvusha. Mkojo unazama ndani, mtoto hakanyagi akazunguka nao nyumba nzima, na kwa mbwa wa manyoya meupe hilo si jambo dogo. Shangazi anakunja, anatia mfukoni, anatupa, basi.

Ubaya wake ni kwamba gharama haiishi. Halafu mtoto akichoka kucheza huipasua na kutafuna ile pamba ya ndani, na akiimeza yaweza kumziba matumbo. Itie kwenye fremu yake ya plastiki asiifikie pembeni. Na kwa kuwa umetaja zulia: pedi ni laini, na mtoto wa umri huo hujifunza kwa nyayo. Akishazoea kuwa haja ni mahali palaini, zulia ni lake, mkeka ni wake, hata tambara la mlangoni. Kunja vyote, weka juu ya kabati miezi hii ya mwanzo.

MzeeGanjoni
Binti yangu, sisi tumelea mbwa kabla pedi hazijafika madukani, kwa gazeti tu. Tandaza kona nzima, kurasa nyingi moja juu ya nyingine. Ukiondoa yaliyolowa, bakisha kipande kidogo chenye harufu chini ya mapya, naye atarudi pale pale. Akizoea, punguza eneo kidogo kidogo. Weka plastiki chini, maana wino ukilowa huacha alama kwenye vigae na kwenye miguu ya mbwa mweupe. Harufu nayo kwa joto letu hili hupanda upesi, usingoje jioni kubadilisha.

BamburiKijani
Natofautiana na nyote wawili. Mbwa huyu akimaliza chanjo, BintiTudor, utataka ajisaidie wapi? Kama ni chini, kwenye majani, basi mfundishe majani tangu leo. Anayezoea pedi hujifunza mara mbili: kwanza pedi, kisha kuiacha pedi, na ile ya pili ndiyo ngumu. Nimeona mbwa mkubwa anatembezwa muda mrefu, anarudi nyumbani na kukojoa mlangoni kwa sababu pedi ilikuwa hapo.

Mimi nilichukua trei pana ya plastiki, ukingo mfupi ili mguu wa spitz uupite, nikatia udongo kiasi na nyasi za Pemba kutoka kwa wauza miche. Haja kubwa naokota, ndogo namwagia maji. Nyasi zikianza kugeuka manjano nabadilisha. Masika inabidi kuiingiza ndani, la sivyo inakuwa tope.

TabibuWaWanyama
Nafanya kazi ya mifugo, nami nakubaliana na BamburiKijani kuhusu nyasi, ila kwa sharti. Usikate nyasi za kando ya barabara, wala usichote mchanga wa ufukweni. Kirusi cha parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi, na mchanga wanaopita mbwa wa mitaani una mayai na mabuu ya minyoo. Utakuwa umempandishia ghorofani kile kile ambacho daktari hakutaka akikute huko chini. Chanjo hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Kama huna uhakika nyasi zimetoka wapi, anza na pedi au gazeti, trei ije baadaye.

Kizimba nacho ni msaada wa njia nyingine, si njia peke yake. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hiyo hujizuia, lakini wa miezi 2 hawezi kujizuia zaidi ya saa 2 au 3, na hawa wadogo hata hizo hawafiki. Kiwe na nafasi ya kugeuka na kulala tu. Kikiwa kikubwa, atalala upande mmoja na kukojoa upande wa pili.

Linaloamua, kuliko chombo chenyewe, ni wakati. Mpeleke akiamka tu, dakika 10 au 20 baada ya kula, na mchezo unapokatika ghafla. Mwangalie pua: ikishuka sakafuni akaanza kunusa huku akizunguka duara dogo, una sekunde chache za kumbeba. Akimaliza, mpe tonge dogo pale pale, si baada ya kufika jikoni. Msimnyime maji ili asikojoe. Kwa joto la Mombasa ni hatari. Na mbwa wadogo namna hii wakikaa na njaa sukari ya damu hushuka wakazimia, kwa hiyo ale mara 4 kwa siku. Wala msimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kujificha nyuma ya kochi, si kwenda kwenye trei.

UmmuKisauni
Samahani kuingilia, mimi sifugi mbwa ila naishi chini ya anayefuga. Roshani nyingi za ghorofa hizi maji yake hutokea kwenye kibomba kinachodondokea kamba za nguo za wa chini. Kwetu Mashafii, nguo ikiguswa na mkojo wa mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo, ndipo isaliwe. Jirani yangu alipoelezwa aliihamisha trei ndani siku ile ile, na tukaendelea kuishi kwa wema. Dada, kabla ya kumwagia maji hiyo trei, angalia maji yako yanaishia wapi.

BintiTudor
Ahsante sana mamangu, hilo sikuliwaza. Kibomba changu kinatokea juu kabisa ya kamba za jirani. Basi roshani imetoka. Nitaweka pedi ndani ya trei, kona ya bafu, ambako maji yanaingia shimoni. Nikipata nyasi safi, nitaziweka juu ya pedi kidogo kidogo mpaka pedi yenyewe iondoke. Tabibu, mkojo nifutie kitu gani? Na usiku?

TabibuWaWanyama
Mpango mzuri, na shangazi hatainama kila pahali, kona ni moja. Kausha mkojo kwanza kwa tambara, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Epuka sabuni zenye amonia, harufu yake humwita arudi. Jiki itumie kwa kuua parvo, kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji, baada ya kusafisha uchafu wote. Usiimwage juu ya mkojo wala usiichanganye na siki, mvuke wake huumiza mapafu.

Usiku weka kizimba karibu na kitanda chako. Akianza kulia na kukwaruza, mbebe mpaka bafuni bila kuwasha taa kubwa wala kucheza naye, kisha mrudishe. Mwisho wa kula uwe muda wa saa mbili au tatu kabla hujalala.

NyaliManyoya
Na mlango wa bafu uzuie kwa kitu usijifunge. Upepo wa kusi huku ghorofani huubamiza, na mtoto akikuta umefungwa atakojoa hapo nje.