Mrejesho: kamera ya kwenye waya sasa imetulia

Nilipoomba ushauri, kamera yangu iliyoning'inizwa kwenye kamba ya nailoni ya mita 20, kutoka mwembe hadi nguzo, na kuvutwa kwa mkono huku na huko, ilikuwa ikiyumba na kushtuka kila ilipofika katikati. Nawashukuru sana ndugu mlionijibu.

Kamba hiyo ya nailoni hunyumbuka, hivyo nimeiondoa na kuweka waya wa chuma. Sikuukaza kupita kiasi, kwa sababu mzigo wa kilo 2 ukiwa katikati na waya ukibonyea nusu mita, nguvu inayovuta ncha za waya hufikia takriban kilo 20, bila kuhesabu uzito wa waya wenyewe, na ubonyeo huo ukipunguzwa nusu, nguvu hiyo huongezeka maradufu. Mwembe ungevumilia, lakini nguzo yangu siiamini. Badala ya kapi moja (kigurudumu kinachobeba kamera juu ya waya) nimefunga mawili yenye beringi, yaliyoachana sentimita 30, na chini ya kamera nimening'iniza chupa ndogo ya mchanga. Kuyumba kumekoma, isipokuwa upepo unapovuma kwa ubavuni.

Kushtuka, nakiri, kulitokana na mkono wangu uliokuwa ukivuta kwa pupa. Sasa mmoja anavuta na mwingine anaiachia kamba ya nyuma taratibu, ikiwa imekazwa muda wote. Kamba ya usalama nayo ipo, baada ya mdogo wangu kuidaka kamera hewani wiki iliyopita.