Ushauri: Nipimeje matumizi ya serikali ya Zambia wakati bei ya shaba ilipoporomoka?

Mtafiti wa Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu matumizi ya serikali ya Zambia wakati wa mdororo wa shaba, na msimamizi wangu ameirudisha sura ya nne. Shaba huiletea nchi ile takriban asilimia 70 ya mapato ya mauzo ya nje, na Januari 2016 tani moja ilikuwa imeshuka chini ya dola 4,500. Kwacha, sarafu ya Zambia, iliporomoka, migodi ikapunguza watu, na ukame ukashusha maji ya bwawa la umeme la Kariba hata mgao wa umeme ukawa wa saa nyingi kila siku. Serikali iliendelea kutumia na kukopa. Mimi ninaona ilifanya haki, kwa kuwa kubana matumizi wakati migodi nayo imejikunja ni kuwaongezea watu njaa. Nitumie kipimo gani kuthibitisha hilo? Muda umenibana na usingizi sipati.

Mwanatunduma: Pole sana, ndugu. Miaka hiyo nilikuwa wakala wa forodha hapa mpakani. Kwacha ilipoanguka, wateja wangu wa Nakonde, upande wa Zambia, waliokuwa wakinunua mchele kwa shilingi zetu walipungua sana, na wengine hawakurudi tena kwenye biashara. Hata hivyo barabara zilikuwa zikijengwa upande wa pili, na mtu wa mpakani anajua thamani ya lami. Usiilaumu serikali kwa kila kitu.

Karani Mstaafu: Barabara tutazifikia. Hesabu zako zinaanzia mwaka gani?

Mtafiti wa Uyole: Zinahusu kipindi cha mdororo, mkuu. Ninachoomba ni kipimo.

Karani Mstaafu: Sijajibiwa. Mwaka gani?

Mtafiti wa Uyole: Zinaanzia Januari 2015, na ninayo sababu. Mjomba wangu aliyetulea alikuwa fundi mgodini. Alipunguzwa kazini mwaka huo, akarudi Mbeya kutoka Kitwe, mji wa migodi ya Zambia, kwa treni ya TAZARA. Binamu zangu waliobaki kule waliendelea kusoma katika shule ya serikali kwa sababu walimu waliendelea kulipwa, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba fedha ile ilipotea. Isitoshe, sura tatu za kwanza zimeshapitishwa zikiwa na mwaka huo.

Karani Mstaafu: Mpe mjomba pole zangu, na walimu walistahili mishahara yao. Lakini ukianzia 2015 unasimulia habari kutoka katikati. Mwanzoni mwa 2011 tani ya shaba ilifika dola 10,000, na wastani wa 2012 na 2013 ulikuwa bado juu ya dola 7,000. Katika miaka hiyo ya neema serikali haikujiwekea akiba ya maana: iliuza hatifungani, yaani hati za mkopo, za dola milioni 750 nje ya nchi mwaka 2012, ikaanzisha mpango wa barabara za kilomita 8,000, ikapandisha mno mishahara ya watumishi wa umma mwaka 2013, kisha ikauza hatifungani nyingine za dola bilioni 1 mwaka 2014. Ndiyo maana ilipokopa tena dola bilioni 1.25 Julai 2015, riba ilikuwa karibu asilimia 9, ilhali mkopo wa 2012 ulitozwa chini ya asilimia 6.

Linganisha na Chile, nayo inategemea shaba. Waziri wa fedha Andrés Velasco alizuia mapato ya shaba yasitumike yote bei ilipokuwa juu, na alilaumiwa vikali kwa hilo. Bei ilipoanguka mwishoni mwa 2008, serikali ilikuwa na akiba ya kuchota, na mwaka 2009 ikatoa kiasi cha dola bilioni 4 kuinusuru nchi. Serikali zote mbili zilitumia wakati wa shida. Tofauti ni fedha zilitoka wapi.

Bi Mwanahawa: Mmesahau kwamba tarehe 18 Oktoba 2015 Rais Edgar Lungu aliitisha siku ya taifa ya kufunga na kuomba kwa sababu ya uchumi. Mimi ni muumini na siidharau dua, ila dua haimwondolei mtunza hazina wajibu wa kuweka akiba. Hata nyumbani, mwenye kula mavuno yote hana haki ya kuulaumu ukame.

Msafiri wa Kapiri: Samahanini, mimi naitilia shaka habari yote. Reli ya TAZARA haifiki Kitwe. Inaishia Kapiri Mposhi. Mtu aliyelelewa na fundi wa Kitwe angelijua hilo. Huyu si mwanafunzi, bali ni mtu anayetafuta hoja za kutetea mikopo, na mjomba ametungwa ili tumhurumie.

Mtafiti wa Uyole: Alitoka Kitwe kwa basi hadi Kapiri Mposhi, ndipo akapanda treni. Nilifupisha safari kwa kuwa sikuja hapa kusimulia safari. Mjomba yupo.

Mwanatunduma: Wengi walirudi hivyo hivyo. Mimi namwamini.

Karani Mstaafu: Awepo mjomba au asiwepo, hesabu ni zile zile. Novemba 2020 Zambia haikulipa riba ya dola milioni 42.5 iliyokuwa imeiva, na anguko la bei la 2015 peke yake halielezi hilo. Chukua bei ya wastani ya miaka kadhaa, ukadirie mapato ambayo serikali ingeyategemea bila kubahatisha, kisha yagawe matumizi: mishahara, ruzuku ya mahindi na mbolea, barabara, riba. Fedha za walimu zitetee kwa nguvu zako zote. Barabara zilizojengwa kwa mikopo ya dola zipime peke yake, kwa kuwa deni lake liliongezeka kila kwacha iliposhuka.

Mtafiti wa Uyole: Mwaka 2015 nitaubakiza kwenye kichwa cha tasnifu. Je, nikiweka takwimu za 2011 hadi 2014 kama kiambatisho, msimamizi ataridhika?

Karani Mstaafu: Sidhani. Riba ya 2015 ilitokana na miaka hiyo. Ziweke ndani ya sura ya nne, kabla ya habari za mgodini.