Vitabu vya kiada vimefungiwa ofisini huku wazazi tukichangishwa fedha za kudurufu

Wakuu, nawasalimu. Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu jambo ninalolieleza linatendeka katika shule ya msingi ya serikali anakosoma mwanangu wa darasa la nne, na kwa ninavyosikia kwa wazazi wenzangu, si shule hiyo peke yake.

Tuliagizwa kila mzazi atoe shilingi 500 za kudurufu kurasa za kitabu cha Sayansi, kwa maelezo kwamba vitabu havitoshi. Nilikwenda shuleni kuuliza. Ofisini kwa mwalimu wa taaluma, nyuma ya kiti chake, nilikuta mabunda ya kitabu hichohicho, mengine yakiwa bado ndani ya nailoni na vumbi limetanda juu yake. Nilipohoji, nilijibiwa kwamba hivyo ni mali ya serikali, kwamba vikigawiwa vitachanika na kupotea, na kwamba wathibiti ubora wakija yeye ndiye atakayetakiwa kutoa maelezo. Kwa hiyo vinatunzwa. Vinatunzwa kwa ajili ya nani?

Fungueni daftari la mwanangu mwone matokeo yake. Mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula aliunakili kutoka ubaoni, akiwa ameketi nyuma katika darasa lililojaa, na ini amelichora chini ya utumbo mpana. Mchoro huo umo kitabuni, una rangi, na kila kiungo kimeandikwa jina. Mtoto hajawahi kuuona.

Vitabu hivyo si hisani ya mtu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 zilibakizwa ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Fedha hizo ni kodi zetu. Kumtoza mzazi tena ili apewe nakala hafifu, nyeusi na nyeupe, ya kitabu ambacho tayari kimelipiwa ni dhuluma, na sioni jina jingine la kuliita.

Kuna atakayesema tuingie Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ni kazi nzuri, nimeitumia, lakini wazazi wengi mtaani kwetu wana simu za kitochi, na mwenye simu janja huondoka nayo asubuhi kwenda kibaruani na kurejea mtoto akiwa amelala.

Simtupii lawama zote mwalimu. Utaratibu unaomwadhibu kwa kitabu kilichochakaa, lakini haumuulizi lolote kuhusu kitabu ambacho hakijafunguliwa, ndio unaomfundisha kufunga kabati. Afisa elimu kata anapokagua, asihesabu vitabu vilivyopo tu. Amwite mtoto yeyote amuulize mara ya mwisho alishika lini kitabu cha Sayansi.

Nimemwandikia mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, nikiomba mchango huo usitishwe, vitabu vigawiwe, na liwepo daftari la kuazima ambalo mzazi atatia saini na kulipa mtoto wake akipoteza. Wazazi ambao watoto wenu huruhusiwa kurudi na vitabu nyumbani, tuelezeni shule zenu zimeweka utaratibu gani, ili tuupeleke kwenye kikao.