Naombwa niuze kiwanja ili mwanangu mwenye selimundu adungwe "sindano ya jeni": naomba ushauri

Mama wa Kayole

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba mnishauri kabla ya mwisho wa mwezi, maana jambo lenyewe lina fedha nyingi na lina mtoto.

Mwanangu ana miaka 14 na ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao seli za damu hupinda kama mundu. Mimi na baba yake sote ni AS, yaani tumebeba jeni ya ugonjwa huo bila kuugua, nasi hatukulijua hilo hadi mtoto alipofika miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vilipovimba vikang'aa kama vimepakwa mafuta, na duka la dawa likatuuzia dawa ya mafua. Tangu siku hiyo tumeyazoea: vidonge vya foliki, chupa ya maji ya moto gotini, na teksi ya usiku wa manane baridi ya Julai inapoingia Nairobi. Mwaka huu amelazwa mara nne.

Sasa shemeji yangu ametupeleka kwenye kliniki moja hapa mjini inayosema ina tiba ya jeni iliyochanganywa na dawa ya kutoa uvimbe mwilini: sindano tatu kwa wiki tatu, shilingi 650,000. Karatasi niliyopewa ina picha ya DNA na maneno "imeidhinishwa Marekani", lakini jina la dawa halimo. Wakubwa wa familia wanataka tuuze kiwanja cha Kamulu. Nimesikia redioni kwamba tiba ya jeni ya selimundu imepatikana kweli, ndiyo maana nashindwa kusema kwamba huu ni uongo.

Mfamasia Mstaafu

Mama, pole kwa safari hiyo ndefu. Ulichosikia redioni ni kweli, ila hicho unachouziwa sicho.

Mwezi Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha Casgevy, na Desemba mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha hiyo pamoja na nyingine iitwayo Lyfgenia, zote kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Kwa umri, basi, mwanao angefaa. Lakini tazama inavyofanywa. Mgonjwa wa Casgevy hutolewa seli shina za damu, zile zinazozalisha seli nyingine za damu, kwa mashine, seli hizo hupelekwa maabara, na huko hukatwa sehemu ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake ni kuizima himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kichanga, ile ambayo kila mtoto huzaliwa nayo na ambayo haipindi seli. Jeni hiyo ikidhoofishwa, himoglobini ya kichanga hurudi. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kemotherapi, busulfani, ili uboho wa zamani, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, uondoke na kuacha nafasi. Hapo nywele hunyonyoka, kinga hushuka, uwezo wa kuzaa unaweza kupotea, na hulazwa kwa wiki kadhaa. Katika utafiti uliopelekwa kwa wadhibiti wa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali. Bei iliyotangazwa huko ni dola milioni 2.2, yaani zaidi ya shilingi milioni 280.

Kwa hiyo mtu anayekuambia ni sindano tatu na kurudi nyumbani kwa matatu, bila kugusa uboho, anauza kitu kingine. Ni kitu gani, mimi sitabahatisha.

Kijana wa SS

Mimi nina miaka 31 na nina ugonjwa huohuo, kwa hiyo nitazungumzia hiyo "dawa ya uvimbe". Ni kweli kwamba selimundu si suala la seli kupinda tu; kuta za mishipa huvimba, seli hunata, na damu husimama. Watafiti wameandama njia hiyo kwa miaka. Dawa ya Adakveo, inayozuia kunata huko, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, lakini Ulaya iliifutia kibali mwaka 2023 baada ya utafiti mkubwa zaidi kutoonyesha faida. Nyingine, Oxbryta, iliyofanya kazi kwa njia tofauti, iliondolewa sokoni na watengenezaji wenyewe Septemba 2024. Ukiona dawa zilizochunguzwa hivyo zinaanguka, hiyo isiyo na jina utaiaminije?

Nina sababu nyingine. Miaka sita iliyopita nilidungwa "ya uvimbe" kwenye kliniki ya mtaani, kumbe ilikuwa steroidi. Siku mbili nilitembea kama mzima, nikafua hata mapazia. Siku ya nne maumivu yalirudi mgongoni na kifuani, nikalazwa kwa siku kumi na moja. Daktari wangu alinieleza kwamba kwetu sisi steroidi zinajulikana kwa kurudisha maumivu zinapoachwa.

Na kuna dawa ambayo hukuitaja, Mama. Je, mtoto anatumia haidroksiyurea?

Baba Neema

Naomba nitofautiane kidogo. Tunawavunja watu moyo upesi mno. Hata dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa za matajiri, tukaambiwa Afrika haiziwezi, na leo zinatolewa bure kwenye zahanati. Mama asifunge mlango.

Muuguzi wa Utafiti

Baba Neema, mlango haufungwi. Tunauliza tu ni mlango upi. Ikiwa kliniki inasema ni utafiti, iombe nambari ya kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, jina la kamati ya maadili iliyoupitisha, na fomu ya ridhaa uende nayo nyumbani ukaisome. Tena mshiriki hauziwi dawa ya majaribio. Kwa kawaida yeye ndiye anayerudishiwa nauli.

Kuhusu haidroksiyurea, hiyo huongeza himoglobini ileile ya kichanga, kwa kidonge cha kila siku. Ilichunguzwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na hapa kwetu Kilifi, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: watoto 606 waliianza, na matukio ya maumivu yakashuka kutoka takriban 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Malaria na vifo navyo vilipungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu kipimo kikizidi hushusha chembe nyeupe.

Mama wa Kayole

Nimewasoma wote, asanteni. Haidroksiyurea alipewa akiwa na miaka tisa, tukaiacha baada ya miezi miwili kwa sababu shangazi yake alisikia kwamba ni dawa ya saratani. Hilo ni kosa letu na sitalificha.

Leo asubuhi niliwapigia simu wale wa kliniki nikaomba nambari ya kibali. Dada aliyepokea aliniuliza kama nimetumwa na mtu, kisha akasema ofa inaisha Ijumaa. Shemeji alikuwa amekaa kando yangu, akasikia kwa masikio yake. Hati ya kiwanja nimeirudisha kabatini.

Alhamisi tunakwenda kliniki ya selimundu hospitalini. Je, kwa kile kipimo cha damu cha kuanzia, mtoto aende bila kula?

Muuguzi wa Utafiti

La, Mama. Kwa hesabu ya chembe za damu hahitaji kufunga. Anywe uji wake na maji ya kutosha, na mvalishe sweta.