KUMBUKUMBU YA MZEE – MWAKA MMOJA

*Jumatatu*

[05:48] Dada Atu: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Zimebaki wiki tatu. Mchungaji ametupa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ibada saa nne asubuhi nyumbani Tukuyu, kisha kaburini. Kila mtoto wa Mzee elfu hamsini, wajukuu wenye kazi elfu ishirini. Kuna maturubai, viti, Coaster ya kutoka Mwanjelwa na fundi wa kaburi. Naomba majibu leo.

[05:49] Dada Atu: LEO

[12:30] Dada Atu: Wote mmeona. Hakuna hata wa kusema amina.

[12:34] Kissa: Amina 😂

[13:02] Kaka Lugano Dar: Tupo pamoja. Nitatuma mwisho wa mwezi.

[13:03] Dada Atu: Mwisho wa mwezi ndiyo shughuli yenyewe Lugano

[13:10] Baba Mdogo Tunduma: Chakula ni nini

[13:11] Dada Atu: Pilau, Baba Mdogo.

[13:15] Baba Mdogo Tunduma: Kaka yangu akumbukwe kwa pilau? Ndizi zimekwisha Rungwe? Pikeni mbalaga

[13:15] Kissa: Mbalaga ✋

[13:16] Mama Neema: Mbalaga, na maziwa ya mgando pembeni

[13:18] Gwakisa: Bila mbalaga mimi sipandi Coaster

[13:20] Dada Atu: Kumbe mnajua kuandika. Mchango katuma nani?

[19:55] Dada Atu: Nani katuma?

*Jumanne*

[06:20] Dada Atu: Wasifu wa kusoma kwenye ibada huu hapa, nirekebisheni kabla haujachapwa:

"Marehemu alizaliwa Rungwe, akasoma hadi darasa la nne. Reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa, yeye kijana, alibeba ndizi kutoka Tukuyu akawauzia wajenzi pale Iyunga. Treni zilipoanza rasmi mwaka 1976 akawa anapakia ndizi na viazi kwenda Dar es Salaam, akirudi na chumvi na vitenge, hadi akafungua duka Mwanjelwa. Soko lilipoungua mwaka 2006 alibaki na funguo mkononi. Akaanza upya na meza moja kando ya barabara, akasimama tena. Hakusaidiwa na mtu, alijijenga kwa mikono yake. Alisomesha watoto wake wote na wa ndugu zake."

[08:41] Baba Mdogo Tunduma: Umeruka 1983. Msako wa wahujumu uchumi. Watu wanatupa mali mtoni usiku, sisi na kaka tukachimba shimo nyuma ya choo tukafukia katoni za sabuni. Mgomba ulioota pale ukiukata unatoa povu

[08:42] Kissa: 😂😂😂 Babu wa povu

[08:44] Gwakisa: Ndiyo maana ndizi za kwa Mzee zilikuwa safi hivyo

[08:50] Dada Atu: Baba Mdogo, hiyo mbele ya Mchungaji hapana. Jamani fundi anataka nusu ya hela leo.

[09:30] Mama Neema: Atu weka kaunta buku. Shule zikifunguliwa alikuwa anafunga duka, anapanga matranka yetu mlangoni, anakagua moja moja kwa kalamu sikioni. Kila mtoto na ukurasa wake.

[09:37] Gwakisa: Mimi si wa kunizaa na ukurasa ninao. Viatu, ada, shuka mbili, nauli ya Mafinga. Halafu chini kaandika "alilia stendi". Kumbe aliniona.

[09:38] Mama Neema: 😭

[15:12] Dada Atu: Fundi kapiga tena

[22:17] Ambokile Kyela: Nimesoma wasifu. "Hakusaidiwa na mtu." Ng'ombe wa mama yangu aliyeuzwa ili duka lifunguliwe alikuwa wa nani? Sisi tulikunywa uji mkavu mwaka mzima.

[22:25] Dada Atu: Ambo, hilo lilizungumzwa msibani likaisha.

[22:26] Ambokile Kyela: Liliisha kwenu

[22:31] Kaka Lugano Dar: Tusifike huko ndugu zangu

[22:40] Baba Mdogo Tunduma: *Ujumbe huu umefutwa*

*Jumatano*

[07:05] Gwakisa: *Picha*

[07:06] Gwakisa: Ukurasa wa kwanza kabisa wa kaunta buku. Lilikuwa nyumbani, ndiyo maana halikuungua na duka. Someni: "Dada, ng'ombe 1. Bado." Chini kwa kalamu nyingine: "Mabati ya dada." Chini tena: "Ada Ambokile, kidato cha 1 hadi cha 4." Na ile "Bado" hakuikata.

[11:20] Shangazi Mkubwa: *Sauti 2:14*

[11:32] Baba Mdogo Tunduma: Nipo boda kuna kelele. Dada kasemaje, mtu aandike

[11:50] Mama Neema: Kasema hivi: "Ng'ombe nilimtoa mimi. Sikumkopesha, nilimpa. Ambokile usinidaie deni nisilodai. Lakini Atupele, usisimame mbele ya watu useme mdogo wangu hakusaidiwa na mtu. Amekaa jikoni kwangu miaka yote hiyo, neno hilo hakulisema. Mama yenu alibeba ndizi kichwani hadi barabarani akiwa na mimba yako wewe. Andika hilo. Na kaburi msilibandike vigae. Aliniambia anataka jiwe lenye jina lake, basi. Nitakuja kuangalia."

[11:51] Gwakisa: Ndaga fijo Shangazi 🙏🏾

[11:58] Baba Mdogo Tunduma: Dada amesema.

[14:03] Dada Atu: Shikamoo Shangazi. Nimesikia. Mstari nautoa, wa mama nauweka.

[14:04] Dada Atu: Ila vigae fundi alishanunua kwa hela yangu. Nani ataongea naye?

[14:30] Dada Atu: Lugano?

[18:47] Kaka Lugano Dar: Nilikuwa kikaoni. Coaster inaondoka Mwanjelwa saa ngapi?

[18:48] Dada Atu: Haijakodiwa. Waliotuma ni wawili, Mama Neema na Ambokile.

[18:50] Kissa: Kwa hiyo pilau imefutwa?

[18:51] Dada Atu: Tuma kwanza elfu ishirini yako Kissa